Filamu pana na dijitali: nani mkali?

Juzi hapa hosteli kulizuka ubishi mpaka usiku wa manane: kamera ya filamu na ya dijitali, ipi inatoa picha kali zaidi? Mie ni mtu wa historia, kwa hiyo naanzia mbali kidogo, mwezini.

Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua kule na kamera ya Hasselblad ya Uswidi, lenzi ya Zeiss. Kila picha kwenye filamu ilikuwa mraba wa karibu milimita 55. Mkanda wa kawaida, ule wa milimita 35, picha yake ni milimita 24 kwa 36 tu. Piga hesabu: eneo ni kama mara tatu na nusu. Ndiyo maana ile picha maarufu ya Aldrin unaikuza mpaka kwenye kioo cha kofia yake, unamwona Armstrong mwenyewe anapiga picha. Kamera waliiacha kulekule kupunguza uzito, wakarudi na filamu tu.

Dijitali ya mkononi ilikuwa haijazaliwa. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak akaunda yake: vidoti 100 kwa 100, nyeusi na nyeupe, sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kaseti jamani, kama ya taarabu!

Ubishi wenyewe ulipamba moto 2002, Canon walipotoa EOS-1Ds ya megapikseli 11. Michael Reichmann wa Canada akaishindanisha na filamu pana, akasema dijitali imeshinda. Watu wa filamu walichukia kweli. Mimi naona kila upande ulikuwa na pointi. Filamu ina chembechembe, ukiikuza sana unaziona hizo badala ya sura ya mtu. Pikseli ni safi. Lakini angalia mechi ilivyochezwa: filamu ilipitishwa kwanza kwenye skana, kwa hiyo unapima filamu pamoja na skana yake. Mraba wa milimita 55 ukiuskani kwa nukta 2400 kwa inchi unapata megapikseli kama 27. Kwa 4000 unapata 75 (nyingine ni chembe tupu, tusidanganyane). Filamu ni ileile.

Leo dijitali imemaliza kazi, Fujifilm GFX 100 ya 2019 ina megapikseli 102. Ila faili la 2002 limebaki na 11 zake, hata ununue kompyuta gani. Filamu za Apollo zilitunzwa kwenye ubaridi huko Houston, zikaskaniwa upya miaka mingi baadaye, na 2022 Andy Saunders akatoa kitabu, Apollo Remastered, chenye maelezo ambayo magazeti ya 1969 hayakuweza kuyaonyesha.

Nyumbani kuna bahasha ya negativu za harusi ya babu na bibi, pana hivyohivyo. Mama anataka kuzitupa, eti picha ziko tayari kwenye kompyuta. Ziliskaniwa kitambo, ndogo kama stempu. Nimekataa katakata. Likizo hii nazifuata.