Nyumba ya Tippu Tip, Shangani

Nyumba ya Tippu Tip ipo Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mlango wake wa mbao zenye nakshi ni miongoni mwa milango mashuhuri ya Unguja.

Mwenye nyumba, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa hadi Kongo, ambako mwaka 1887 aliteuliwa kuwa gavana wa Stanley Falls. Baadaye alirejea Zanzibar, akaandika maisha yake kwa Kiswahili, na kufariki dunia mwaka 1905. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba ya tajiri huyo ilikaliwa na familia kadhaa.

Majumba ya Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, boriti huoza na kuta hulegea. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib, Desemba 2020, kulikumbusha kuwa matengenezo ya majengo haya hulinda historia pamoja na uhai wa watu.