Pima mkono wako kabla ya kununua mashine ya presha

Uchunguzi uliofanywa Nakuru kati ya 2007 na 2008 miongoni mwa watu 4,396 wenye umri wa miaka 50 na zaidi ulibaini kwamba nusu yao walikuwa na shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa 2015 nao ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa maradhi haya, ambayo aghalabu hayana dalili yoyote hadi mtu apatwe na kiharusi au figo zake zianze kudhoofika.

Ndiyo maana mashine ya kujipimia nyumbani si anasa. Mgonjwa aliyeondoka Kuresoi au Mau Narok alfajiri, akasongamana ndani ya matatu na kupanga foleni hospitalini hadi adhuhuri, hawezi kutarajia kipimo kinachofanana na cha siku zake za kawaida. Wako pia ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu daktari. Kwa sababu hiyo, kiwango cha nyumbani kimewekwa chini kidogo: hospitalini shinikizo huhesabiwa kuwa juu likifika 140 kwa 90, ilhali nyumbani ni wastani wa 135 kwa 85.

Hata hivyo, mashine isiyo sahihi ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Ikizidisha, mtu mzima wa afya ataanza kumeza dawa asizozihitaji. Ikipunguza, mgonjwa ataziacha akidhani amepona.

Jambo la kwanza la kuangalia ni mkanda unaofungwa mkononi, wala si kioo chenye namba kubwa. Chukua utepe wa fundi wa nguo, uzungushe mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha uandike sentimita ulizopata. Mikanda mingi inayouzwa pamoja na mashine hufaa mikono ya takriban sentimita 22 hadi 32; mwenye mkono mnene zaidi anahitaji mkanda mkubwa, na vipimo vyake huwa vimeandikwa kwenye mkanda wenyewe au kwenye boksi. Tofauti si ndogo. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa, wakipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba yao ya juu ilizidishwa kwa karibu 20. Mtu mwenye 125 angesomeka 145 na kuandikiwa dawa. Muuzaji akisema mkanda mmoja hutosha watu wote, afadhali uende duka jingine.

Jambo la pili ni iwapo mashine hiyo ilifanyiwa mtihani wa usahihi, yaani vipimo vyake vililinganishwa na vile vya wataalamu waliofunzwa. Mashine nyingi zinazouzwa duniani hazijawahi kupitia mtihani huo, na alama ya CE iliyochapwa kwenye boksi si uthibitisho wake. Asasi ya kimataifa ya STRIDE BP ina orodha ya mashine zilizofaulu, na yeyote anaweza kuisoma bila malipo kwenye intaneti. Linganisha jina la kampuni na namba kamili ya modeli, herufi kwa herufi, kwani kampuni hiyohiyo huweza kuwa na modeli iliyofaulu na nyingine ambayo haikujaribiwa kamwe. Mama mjamzito atafute iliyojaribiwa kwa wajawazito hasa, na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpango azungumze na daktari kwanza.

Mashine za kifundo cha mkono huvutia kwa udogo wake, lakini zinataka mkono uwekwe sawasawa na moyo. Ukiushusha kwa sentimita 10 tu, kipimo hupanda kwa takriban milimita 8 za zebaki. Chagua ya juu ya kiwiko. Programu za simu zinazodai kupima presha kwa kugusa kidole tuziache kando. Mashine ya kupampu kwa mkono na kusikiliza kwa stethoskopu ni kifaa cha muuguzi. Kuitumia peke yako ni kazi ngumu, na mshale wake hupoteza usahihi ukiangushwa. Zile za zebaki zinaondolewa kote duniani chini ya Mkataba wa Minamata wa 2013.

Palipo na umeme wa kukatikakatika, inayotumia betri za kawaida za dukani ni bora kuliko inayotegemea chaja ya aina yake pekee. Ikiwa baba na mama wote watapimwa, tafuta yenye kumbukumbu za watu wawili ili namba zisichanganyike. Mapambo mengine huongeza bei tu.

Ukishainunua, jipime kwa siku saba, mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, ukiacha dakika moja katikati. Kaa kitini dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono umewekwa mezani, na uwe umekwenda haja ndogo. Chai na sigara vikae kando kwa nusu saa. Wakazi wa Molo wasipimie jikoni kabla moto haujawashwa, kwa kuwa baridi hubana mishipa na kupandisha presha. Namba za siku ya kwanza ziache. Wastani wa zilizobaki ndio wa kumpelekea daktari. Kipimo kikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, ganzi ya upande mmoja au ulimi kuwa mzito, usingoje kupima tena, nenda hospitali mara moja.

Mara moja kwa mwaka beba mashine yako uendapo kliniki, umwombe muuguzi alinganishe vipimo vyake na vya kwao kwenye mkono uleule. Mkanda uliolegea au mpira unaovuja hewa hugunduliwa hapo, na mara nyingi kununua mkanda mpya wa modeli ileile hutosha.