Kiruwiji wa Taita, Ndege Adimu wa Misitu ya Milimani

Kiruwiji wa Taita, ajulikanaye kitaalamu kama Turdus helleri, hapatikani popote duniani ila katika Milima ya Taita, Kaunti ya Taita Taveta, nchini Kenya. Makazi yake ni mabaki ya misitu ya asili, hususan Mbololo, Ngangao na Chawia. Kichwa chake ni cheusi, mdomo ni wa rangi ya chungwa, na tumbo ni jeupe.

Ndege huyu ni mwenye haya. Hukaa karibu na ardhi penye kivuli kizito, akila matunda pamoja na wadudu waliojificha chini ya majani makavu. Mbegu za matunda hayo huziangusha kwingine msituni, zikachipua.

Kwa kuwa huepuka mahali pa wazi, mashamba yaliyoitenga misitu hiyo ni kizuizi kwake, na leo yumo miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Misonobari na mikaratusi haimpi chakula anachokihitaji. Kwa hiyo, upandaji wa miti ya asili kati ya msitu na msitu ndio utakaomfungulia njia.