Kiongozi anapovunja amri ya korona aliyoisimamia mwenyewe

Kila tunapozungumzia magonjwa ya mlipuko hewani, iwe kipindupindu au Mpox, simu zinazoingia studio huishia kwenye swali moja. Mtaalamu amemaliza kueleza habari ya kunawa mikono na kuchemsha maji, kisha mtu anapiga kutoka Matiri au kule ziwani Mbamba Bay na kuuliza: "Hao viongozi nao wanafuata?" Makala hii tumeiandika kwa ajili ya swali hilo. Tunapitia yaliyotokea wakati wa korona kwa majirani zetu na kwingineko, viongozi walipokamatwa au kutajwa kwa kuvunja amri ambazo mwananchi wa kawaida alikuwa akipigwa virungu kwa ajili yake.

Kwanza tuweke sawa maneno. Wengi tuliita kila kitu "lokidauni", lakini amri zilikuwa za aina tofauti. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, kama Kenya. Kulikuwa na kufungiwa nyumbani mchana na usiku na kusimamishwa kwa magari, kama Uganda. Kulikuwa na karantini, yaani mtu aliyetoka nchi yenye ugonjwa kukaa peke yake siku 14. Na kulikuwa na marufuku ya mikusanyiko. Kiongozi mmoja alivunja hii, mwingine ile, na uzito wa makosa haukuwa sawa.

Kesi ya seneta wa Nairobi

Inayokumbukwa zaidi Afrika Mashariki ni ya Johnson Sakaja. Mwaka 2020 alikuwa Seneta wa Nairobi, na zaidi ya hapo alikuwa mwenyekiti wa kamati maalumu ya Seneti iliyofuatilia jinsi serikali inavyopambana na korona. Kwa maneno mengine, yeye ndiye aliyekuwa akiwaita mawaziri na kuwauliza maswali.

Kenya ilianza amri ya kutotoka nje tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi Juni muda ulilegezwa, ukaanza saa tatu usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Julai, polisi walimkamata Sakaja akiwa na watu wengine kwenye baa moja jijini Nairobi, saa za amri zikiwa zimeshapita zamani. Polisi walidai kwamba walipowataka watu waondoke, seneta alikataa.

Siku chache baadaye aliomba radhi hadharani na kujiuzulu uenyekiti wa ile kamati. Alipofikishwa mahakamani alikiri kosa na kutozwa faini ya shilingi 15,000 za Kenya. Akalipa, mambo yakaisha. Agosti 2022 wananchi wa Nairobi walimchagua kuwa gavana wao.

Kuna wasikilizaji watakaosema aliadhibiwa kama mtu mwingine yeyote, tena alikiri bila kuzungusha. Ni kweli, na si wengi waliokiri. Lakini iweke faini hiyo kando ya mambo mengine ya amri ileile. Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, siku chache tu baada ya amri kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye baraza la ghorofa ya nyumba yao mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, wakati polisi wakiwasaka watu barabarani. Alifariki. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi kwa ukatili wa polisi katika siku hizo za mwanzo. Hadi mwanzoni mwa Juni mwaka huo, chombo huru kinachosimamia mwenendo wa polisi nchini humo, IPOA, kilikuwa kimeorodhesha vifo vya watu 15 vilivyohusishwa na polisi tangu amri ianze. Seneta hakuwaua watu hao wala hakuwatuma polisi. Ila mama aliyezika mtoto kwa sababu ya amri ya usiku, akisikia habari ya baa, hatapima faini kwa mizani ya hakimu.

Kilifi: aliyerudi safari

Kabla ya Sakaja kulikuwa na kesi ya pwani. Gideon Saburi, naibu gavana wa Kaunti ya Kilifi, alirejea kutoka Ujerumani mapema Machi 2020. Tarehe 15 Machi serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kila aliyeingia nchini katika siku 14 zilizopita ajitenge. Wiki moja baadaye ikatangazwa kwamba naibu gavana amepatikana na virusi, na kwamba hakuwa amejitenga bali alikutana na watu. Wenzake aliokuwa nao ikabidi wapimwe. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema angefunguliwa mashtaka akitoka karantini, na ikawa hivyo: mwanzoni mwa Aprili alifikishwa mahakamani Mombasa kwa shtaka la kuwaweka watu katika hatari ya kuambukizwa. Alikana, akaachiwa kwa dhamana.

Hapa tunawaomba wasomaji wawe makini. Kushtakiwa si kutiwa hatiani. Tena angalia tarehe zenyewe: kiongozi huyo aliingia nchini kabla amri ya kujitenga haijatangazwa, na amri ikarudi nyuma kumkuta. Hoja ya namna hiyo hukaa kwa wakili na hakimu. Sisi tuliokuwa tukisoma taarifa hizo hewani wakati ule hatukuwa waangalifu sana. Watu walishamhukumu na sisi tulisoma kwa sauti ya kuhukumu.

Uganda, ambako chakula kilikuwa kosa

Uganda ndiyo iliyofunga kwa ukali kuliko wote katika ukanda wetu. Kuanzia mwisho wa Machi 2020 magari binafsi yalisimama, na mgonjwa alihitaji kibali cha mwakilishi wa rais wilayani, anayeitwa RDC, ili abebwe na gari. Hata mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku. Baada ya malalamiko mengi, Rais Museveni aliruhusu wajawazito wasafiri bila kibali.

Rais huyo pia alikataza wanasiasa kugawa chakula wenyewe, akisema wanakusanya watu na kueneza ugonjwa, na atakayefanya hivyo atashtakiwa kwa kujaribu kuua. Francis Zaake, mbunge wa Manispaa ya Mityana, aligawa. Alikamatwa tarehe 19 Aprili 2020 na baada ya siku chache akaonekana hospitalini na majeraha, akieleza kwamba aliteswa mikononi mwa vyombo vya dola.

Mwezi huohuo, maofisa wakubwa wa Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, akiwemo katibu mkuu wake, walikamatwa kwa tuhuma za kupandisha bei za chakula cha msaada kilichonunuliwa na serikali. Mashtaka hayo baadaye yaliondolewa. Ukiwaweka Zaake na maofisa hao pamoja unaona kwamba neno "kiongozi amevunja amri" halitoshi peke yake. Lazima uulize alivunja nini, kwa faida ya nani, na nani aliyemkamata.

Ng'ambo ya ziwa

Kwa wasikilizaji wetu wa mwambao, habari za Malawi ni habari za nyumbani, maana mitumbwi na usipa havijui mpaka. Aprili 2020 Rais Peter Mutharika alitangaza kufunga nchi kwa siku 21 kuanzia tarehe 18. Siku moja kabla, Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo baada ya watetezi wa haki za binadamu kwenda kulalamika kwamba maskini watakula nini. Mwezi Septemba mahakama ikasema wazi kwamba amri ile ilikuwa kinyume cha katiba.

Wakati huo Malawi ilikuwa inaelekea uchaguzi wa marudio wa tarehe 23 Juni. Mikutano ya kampeni ilijaa watu, kwa vyama vyote, huku serikali ikihimiza watu wasisongamane. Hakuna aliyekuwa msafi hapo. Lazarus Chakwera aliposhinda, alipunguza sana wageni wa sherehe za kuapishwa kwake mwezi Julai kwa sababu ya korona. Na Aprili 2021 alimfukuza kazi Waziri wa Kazi, Ken Kandodo, baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba fedha zilizotengwa kwa korona zilitumika kumlipia posho ya safari ya Afrika Kusini. Kandodo alikuwa amezirudisha. Hata hivyo akafukuzwa.

Kwetu ilikuwaje?

Tanzania haikufunga nchi, kwa hiyo hatuna Sakaja wetu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuia mikusanyiko, isipokuwa ibada. Walioingia kutoka nchi zenye ugonjwa walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao. Mwezi Mei takwimu zikaacha kutolewa, na mwezi Juni shule zikafunguliwa.

Lakini swali la nani anafuata amri ya nani lilifika bungeni. Kati ya tarehe 20 Aprili na 1 Mei 2020 walifariki wabunge watatu: Gertrude Rwakatare, Richard Ndassa na Waziri wa Katiba na Sheria, Augustine Mahiga. Mwenyekiti wa Chadema, Freeman Mbowe, aliwataka wabunge wa chama chake wasiingie bungeni na wajitenge siku 14. Spika Job Ndugai aliwaita watoro, akawataka warudi au warudishe posho walizolipwa. Baadhi walirudi, na chama kikawafukuza. Hapo mbunge alikuwa kati ya amri mbili, na kwa kila upande alikuwa mkosaji.

Kipindi cha pili kilikuwa Februari 2021. Tarehe 17 alifariki Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake cha ACT-Wazalendo kilikuwa kimetangaza kwamba anaugua korona. Siku chache baadaye, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alizungumza na waandishi hospitalini Dodoma kukanusha uvumi kwamba amefariki. Alikuwa akikohoa sana, hana barakoa, na wenzake wamemzunguka. Hakuvunja sheria yoyote kwa sababu sheria haikuwepo. Wengi waliotupigia simu walisema picha ile iliwatia hofu kuliko tangazo lolote. Hayati Rais Magufuli wiki ileile alikuwa amewaambia wananchi wavae barakoa, hasa zilizotengenezwa nchini. Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera kuzindua chanjo, na foleni zikaanza kuonekana vituoni, japo si ndefu kama ilivyotarajiwa.

Nchi tajiri nazo

Msidhani ni tabia ya Waafrika. Uingereza, wakati watu walikatazwa kukaa na wazazi wao wanaokufa, wafanyakazi wa ofisi ya Waziri Mkuu walikuwa wakifanya sherehe na vinywaji. Usiku mmoja walisherehekea ilikuwa kesho yake ndiyo mazishi ya mume wa Malkia Elizabeth, Aprili 2021, ambako Malkia alikaa peke yake kanisani. Polisi walitoa faini 126 kwa watu 83, na Waziri Mkuu Boris Johnson alikuwa mmoja wao. Afrika Kusini, Waziri wa Mawasiliano Stella Ndabeni-Abrahams alikwenda kula chakula cha mchana kwa rafiki wakati wa kufungiwa. Picha ilisambaa, Rais Ramaphosa akampa likizo ya miezi miwili, na akalipa faini ya randi 1,000.

Waingereza walilipima jambo hili. Mwaka 2020 mshauri mkuu wa Johnson, Dominic Cummings, aligundulika kuwa alisafiri mbali na familia yake wakati wa kufungiwa, na hakujiuzulu. Watafiti wa University College London waliokuwa wakiwahoji maelfu ya watu kila siku waliona imani kwa serikali ikishuka mara tu baada ya habari hiyo.

Wewe ufanye nini?

Kwa viongozi waliotajwa katika Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, wakiwemo mawaziri, wabunge, wakuu wa wilaya na madiwani, mwananchi anaweza kupeleka malalamiko Sekretarieti ya Maadili. Hatua za magonjwa ya mlipuko zenyewe zimo katika Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, ambayo haimtofautishi mkulima wa kahawa na bwana mkubwa.

Kijijini mambo ni mepesi zaidi na magumu zaidi. Kipindupindu kikija, vijiji hutunga sheria ndogo: kila kaya iwe na choo, hakuna pombe za kienyeji kuuzwa kilabuni, hakuna chakula msibani. Sheria ndogo hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 ana haki ya kuingia na kuuliza, na unatakiwa kukaa walau kila miezi mitatu. Hapo ndipo pa kuuliza kama choo cha mwenyekiti kimekaguliwa, na kama faini aliyotozwa mama ntilie imeandikiwa stakabadhi. Muulize kwa heshima, mbele ya watu, na ukiweza awepo mtendaji ili jibu liingie kwenye muhtasari.