Aya moja ya sheria, Januari 2015



Tarehe 15 Julai 2024 nilikuwa hapa Kigali. Asubuhi majirani walivaa vizuri wakaenda kupiga kura. Siku moja kabla, Wanyarwanda walio nje ya nchi walikuwa wameshapiga yao. Mama mwenye nyumba aliporudi akaniuliza, "Na nyinyi Wakongomani, mnapigia wapi?" Nikacheka tu, sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za sheria yetu ya uchaguzi, na kuna wiki moja ambayo naona kila kijana wa kambini aijue.

Ni Januari 2015. Muhula wa Rais Kabila ulikuwa uishe Desemba 2016, na Katiba ilimkataza kugombea tena. Serikali ikapeleka bungeni mabadiliko ya sheria ya uchaguzi. Ndani yake kulikuwa na aya moja, fupi, ya kusema kwamba kabla ya uchaguzi lazima watu wahesabiwe kwanza. Ukiisoma haraka utasema ni jambo zuri, nani anakataa kuhesabiwa? Lakini sensa ya mwisho Kongo ilifanyika 1984! Kuhesabu watu katika nchi kubwa hivyo, bila barabara, tena na vita mashariki, ni kazi ya miaka. Kumbe aya ile ilikuwa njia ya kumwongezea rais muda bila kutaja muda.

Jumamosi tarehe 17 Bunge likaipitisha. Jumatatu tarehe 19 wanafunzi wa Kinshasa wakaingia barabarani, na Goma na Bukavu pia watu wakaandamana. Intaneti na meseji za simu zikakatwa. Makumi ya watu waliuawa, wengi Kinshasa, wengine Goma. Mimi nilikuwa bado mtoto, nakumbuka wazee wamekaa kimya kwenye redio.

Macho yote yakageukia Seneti, juu sheria ilikuwa bado haijamaliza safari yake. Tarehe 23 maseneta wakaibadilisha aya ile, na tarehe 25 Bunge likakubali sheria bila sharti la sensa. Siku nane tu tangu kura ya kwanza.

Nisiwadanganye, ushindi haukuwa mzima. Uchaguzi wenyewe uliteleza hadi tarehe 30 Desemba 2018, miaka miwili nyuma. Na siku hiyo Beni na Butembo waliambiwa wasubiri mpaka Machi 2019, ati kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa Januari, kabla wao hawajapiga. Watu wa Beni walijitengenezea vituo vyao wakapiga kura isiyohesabiwa popote. Mimi habari hiyo huwa inaniuma kuliko zote.

Halafu 2023. Sheria ilifungua mlango kwa Wakongomani wa nje, lakini nchi zilizochaguliwa ni 5: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Ufaransa na Marekani. Hakuna hata jirani mmoja, wakati Rwanda, Uganda, Burundi na Tanzania ndiko wakimbizi tunakaa. Ndani ya nchi, teritwari za Masisi na Rutshuru hazikuchagua wabunge kwa sababu ya vita. Wengi wetu tunatoka huko huko. Na kwetu kadi ya mpigakura siyo ya kura tu, ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Asiyeandikishwa anakosa hata karatasi ya kuonyesha ni wa wapi.

Kuna anayeogopa, anasema mkimbizi asiguse siasa. Kweli, Mkataba wa OAU wa 1969 unatukataza kuchochea fujo dhidi ya nchi yoyote. Lakini barua siyo fujo. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa viongozi, peke yake au na wenzake. Wanatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kuandika.

Sasa, mtu wa Masisi amwandikie mbunge gani, na kiti kiko wazi? Mimi naona tuiandikie kamati ya Bunge ya siasa, utawala na sheria, na nakala kwa Seneti. Tuombe sheria itaje wakimbizi kwa jina, na iandikishe watu katika nchi jirani kabla ya uchaguzi wa 2028. Pia iseme wazi teritwari iliyorukwa itapiga kura lini.

Nimeanza kuandika barua ya kwanza, ukurasa mmoja na nusu. Kifaransa changu cha sheria ni kibovu. Anayekiweza anitumie ujumbe kabla ya Jumamosi, na kila kambi itafute watu wa kutia sahihi, wamama na wazee pia, siyo sisi vijana peke yetu.