Gazeti la Mshindi: Tanga na Mrima Baada ya Vita vya Abushiri

Vita vilivyozuka 1888 katika Mrima, yaani ukanda wa pwani ya bara unaoelekea Unguja, vilitokana na hatua ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kushika miji na forodha kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na kiongozi wake mkuu, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Amani iliyofuata ilikuwa amani ya mshindi, na magazeti ya Kiswahili yaliyochapishwa Tanga na jirani zake yalizaliwa ndani yake.

Utawala mpya ulihitaji makarani wa kuandika barua zake na maakida, yaani wasimamizi wa wilaya ndogondogo waliokusanya kodi na kuamua kesi, na kwa hiyo ulifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati uleule reli ilipokuwa ikijengwa kutoka bandarini, ikafika Pongwe 1894 na Muheza 1896. Shule hiyo ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na kuanzia takriban 1904 ilitoa *Kiongozi*, gazeti la kila mwezi lililopokea habari, barua na mashairi ya wasomaji Waafrika. Magila, karibu na Muheza, wamisionari wa Kianglikana walikuwa wakitoa *Habari za Mwezi*.

Kurasa hizo ziliwapa wenyeji nafasi ya kuandika na kusomwa mbali na kwao, jambo lenye thamani kubwa. Lakini mtambo ulikuwa mali ya serikali au misheni, na mwandishi aliyelipwa mshahara na dola hakuweza kuishitaki dola hiyo kwa kodi ya nyumba wala kwa viboko. Simulizi ya vita kwa jicho la watu wa Mrima ilihifadhiwa kwingine: Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliitungia utenzi, ambao haukutolewa kitabu hadi zama za Waingereza.

Waingereza walipoiteka Tanga 1916, *Kiongozi* lilikoma, na *Mambo Leo* lililoanzishwa 1923 lilikuwa pia gazeti la serikali. Historia hii inathibitisha kwamba kunyamaza kwa bunduki na kuwapo kwa gazeti havitoshi kuitwa uhuru wa habari; uhuru huo huanza pale aliyeshindwa anapoweza kuchapisha neno lake bila kuomba ruhusa ya aliyemshinda.