Jalada la Mjane

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliacha karatasi nyingi mno. Anayetaka kujua babu yake alipigana wapi huelekezwa kwanza kwenye kadi za utumishi, ambazo makarani wa Wizara ya Vita walizinakili mwishoni mwa karne ya 19 kutoka orodha za vikosi, na ambazo leo zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Washington. Kadi inataja kikosi, kombania, tarehe ya kuandikishwa, kimo na rangi, na kama siku ya kuhesabiwa askari alikuwepo, aliugua au alitoroka. Kwa kilembwe wa askari mzungu ushauri huo unatosha, maana jina lile lile atalikuta kanisani, kwenye hati za shamba na katika sensa. Kwa kilembwe wa askari mweusi ushauri huo, kwa maoni yangu, unaanzia pasipofaa. Yeye atangulize jalada la pensheni, hasa lile la mjane, ndipo aiendee kadi.

Tatizo ni jina. Sensa za 1850 na 1860 ziliwahesabu watumwa katika madaftari ya peke yao: umri, jinsia na rangi, chini ya jina la aliyewamiliki. Waliotoka utumwani walianza kutajwa kwa majina, nchi nzima, katika sensa ya 1870. Kati ya sensa ya 1860 na hiyo ya 1870, baada ya Tangazo la Ukombozi la Januari 1863, weusi wapatao 179,000 waliingia jeshi la Muungano, yaani la upande wa Kaskazini, wengi wao wakitoka utumwani. Karani wa kuandikisha alidai jina la pili. Akapewa la bwana, au akaandika alivyosikia. Vita vilipokwisha, wapo waliolitupa jina hilo na kuchukua la baba, kwa hiyo kadi na sensa huweza kumgawa mtu mmoja akaonekana wawili. Nelson Davis, mume wa pili wa Harriet Tubman, mtoroshaji mashuhuri wa watumwa, jeshini aliitwa Nelson Charles, katika Rejimenti ya 8 ya askari weusi, iliyofunzwa karibu na Philadelphia na kupata hasara kubwa huko Olustee, Florida, Februari 1864. Anayemtafuta kwa jina la Davis anaweza kupekua kadi za kikosi chake asimwone.

Aliyeyaunganisha majina hayo mawili ni mjane. Davis alifariki 1888, na sheria ya 1890 ikawafungulia mlango wajane wa askari waliotumikia walau siku 90, hata kama kifo cha mume hakikutokana na vita. Tubman aliomba, na Ofisi ya Pensheni ikamtaka athibitishe kwamba Charles na Davis ni mtu mmoja, kwamba ndoa yao ya 1869 ilikuwa halali, na kwamba mume wake wa kwanza alikwisha kufa. Dola 8 kwa mwezi ziliidhinishwa mwaka 1895. Mtu wa sifa yake kusumbuliwa hivyo ni aibu, lakini usumbufu huo ndio uliozaa ushahidi. Sheria za utumwa hazikuitambua ndoa ya mtumwa, na ilibidi Bunge, kuanzia 1864, liruhusu mjane athibitishe kwa mashahidi kwamba waliishi kama mume na mke. Palipokuwa na shaka, mkaguzi maalumu alifunga safari hadi kijijini na kuwahoji kwa kiapo askari waliotumikia pamoja na marehemu, mkunga, majirani, hata bwana wa zamani: nani alikumiliki, mama yako nani, ndugu zako waliuzwa wapi. Mara nyingi hayo hayakuandikwa kwingine.

Itasemwa kwamba hayo yalisemwa kwa ajili ya fedha, tena mara nyingi kwa kusukumwa na mawakala waliolipwa kwa kila dai. Ni kweli, na mwenye kusoma asilisahau. Lakini uongo wa pensheni ulikuwa na mahali pake: tarehe ya jeraha, chanzo cha ugonjwa, mwaka wa ndoa. Jina la shamba au la dada aliyeuzwa halikumwongezea mtu senti, na hayo ndiyo anayoyahitaji mtafuta nasaba. Wapo pia watakaosema kwamba weusi walikataliwa mara nyingi kuliko wazungu, na kwamba askari weusi wapatao 40,000 walikufa vitani, wengi kwa maradhi, wasiweze kudai wenyewe. Sawa, ila dai lililokataliwa nalo lilihifadhiwa, na kwa kuwa lilibishaniwa sana, pengine ni nene kuliko lililokubaliwa. Pensheni ya aliyekufa bila mke iliweza kudaiwa na mama yake, na hapo tunapata kizazi kimoja zaidi nyuma. Pingamizi lililo zito kweli ni kwamba maneno ya shahidi aliyetia alama ya X yaliandikwa na mkono wa mwingine, mara nyingi mzungu. Hilo sina la kulipinga: sauti yake hatuipati. Majina tunayapata.

Kadi haipotezi thamani. Inapata kazi yake baadaye. Katika majimbo ya mpakani, yaliyobaki katika Muungano yakiwa bado na utumwa, kama Kentucky, Missouri na Maryland, bwana mtiifu kwa Muungano aliahidiwa hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeandikishwa, hivyo ndani ya baadhi ya mafaili ya utumishi mna hati za umiliki zinazoeleza mtu alinunuliwa kwa nani. Lakini hati hiyo haitamfaa asiyejua ni John yupi kati ya akina John wa rejimenti. Basi anayeanza leo aagize jalada zima la pensheni, pamoja na madai yaliyokataliwa, na asome kwanza viapo vya mashahidi.